Maembe ya Tabora na Wenye Kuyatamani Ng'ambo

Wako watu watakaoshangaa kuona ukurasa huu, uliozoea kujadili bei za mazao na haki za wafanyakazi, leo washughulika na embe. Twawaomba wasifanye haraka ya kucheka. Kila mwaka ifikapo Novemba, mvua za kwanza zikianza kunyesha Unyamwezi, maembe huanza kuiva Tabora, na kwa majuma kadhaa hakuna mtoto katika mji ule aendaye shule na mdomo mkavu. Na majira hayo hayo ndugu zetu walio ng'ambo, kwa masomo au kwa kazi, hupiga simu nyumbani; na wakiisha kuuliza hali za wazazi na habari za misiba, swali lifuatalo huwa ni lile lile: je, maembe yameiva? Katika swali hilo dogo mna jambo kubwa, nalo ndilo tutakalo kulieleza.

Mtu aliyekulia chini ya mwembe hajui kwamba embe ni kitu cha kutafutwa. Kwake yeye embe ni kitu cha kuokotwa. Asubuhi baada ya upepo wa usiku watoto huenda na ndoo, wakayaacha yaliyopasuka, wakachukua mema. Mtu huyo huyo akifika London au Stockholm ndipo aonapo kwa mara ya kwanza embe limevikwa karatasi laini na kuwekwa peke yake kama yai, na bei yake imeandikwa juu. Sisi nasi tulipata kukaa Ulaya siku za masomo, na twakumbuka Jumamosi moja ya Januari tulipopanda mabasi mawili kwenda soko la Wahindi, kwa kuwa tulikuwa tumeambiwa kwamba huko maembe hayakosi. Tulilipata moja. Lilikuwa jekundu, zuri mno kwa macho. Tulilinusa penye kikonyo kama tulivyofundishwa na bibi zetu, wala hatukusikia harufu yo yote. Tulilila hivyo hivyo, kwa heshima ya fedha tuliyolipa. Ladha yake ilikuwa ya tango lililotiwa sukari.

Baadaye ndipo tulipojua kwamba embe la namna ile laitwa Tommy Atkins, na kwamba asili yake ni jimbo la Florida huko Marekani. Wafanyabiashara hawakulipenda kwa utamu. Walilipenda kwa sababu ngozi yake ngumu yastahimili safari, rangi yake yavuta macho ya mnunuzi, tena lakaa dukani siku nyingi pasipo kuharibika. Kumbe liko tunda lililochaguliwa kwa ajili ya meli na rafu za duka, na mlaji akawekwa wa mwisho katika hesabu! Aliyezoea dodo au bolibo akilionja, hata awe mtu mpole namna gani, hana budi kukunja uso.

Ndugu msomaji, ukiwa mbali na nyumbani na ukawa na tabia ya kusoma maandishi ya visanduku vya matunda, utajifunza mengi kuliko katika vitabu vya jiografia. Tangu Desemba mpaka Machi visanduku vya maembe katika maduka ya Ulaya huandikwa Peru na Brazil. Ifikapo Aprili mpaka Julai huja maembe ya Ivory Coast, Mali, Senegal na Burkina Faso. Wakati wa joto huingia yale ya Pakistani na India, matamu kweli kweli, nao Waasia huyapigania kwa masanduku mazima. Walio Kanada hupata ya Mexico. Vijana wa Tabora wana mzaha wao wa kuuita mji wao Toronto. Lakini mwenzao aliyefika Toronto yenyewe hana budi kwenda mtaa wa Gerrard, yaliko maduka ya Wahindi na Wapakistani, akatafute harufu inayofanana na ya kwao. Ndugu zetu waliomo Oman wana nafuu kidogo, maana huko mwembe waota na embe laitwa amba, jina ambalo hata mtoto wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Kisanduku kilichoandikwa Tanzania, katika miezi ile yote tuliyokaa huko, sisi hatukukiona hata kimoja.

Basi husemwa: kwa nini wasibebe maembe ya nyumbani ndani ya mizigo yao? Wengi hubeba. Mama mmoja tumjuaye alimfungia binti yake dodo kumi na mbili ndani ya khanga, akaziweka katikati ya nguo zisigongane, na katika uwanja wa ndege wa nchi moja ya Ulaya zote kumi na mbili ziliingia katika pipa la taka. Maofisa hawakumwonea. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu abiria kuingia na matunda mabichi pasipo hati ya afya ya mimea, isipokuwa mananasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe halimo katika orodha hiyo. Sababu yake si chuki juu ya embe letu. Sababu ni nzi, nasi tutarudi kwake baadaye, kwa kuwa nzi huyo ndiye mtu mkubwa katika habari hii.

Sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni twakumbuka habari ya wana wa Israeli jangwani, jinsi walivyolia kwa kuvikumbuka vyakula vya Misri, matango na vitunguu, wakasahau kabisa kwamba walivila wakiwa watumwa. Walimu wetu walituonyesha jambo lile kama mfano wa ulafi na kukosa shukrani. Tukiwa watoto tuliitikia. Sasa twaona kwamba walimu wale, ambao wenyewe walikuwa wakiletewa jibini ndani ya mikebe kutoka kwao, waliwahukumu wale watu kwa ukali mno. Mtu aliye mbali hatamani shibe. Atamani kujua kwamba yu mtu wa mahali fulani. Ulimi una kumbukumbu zake ambazo kichwa hakiwezi kuziamuru.

Na hapa ndipo tutakapo msomaji atugeukie na kuitazama Tabora yenyewe kwa macho mengine. Maana embe silo tunda la asili ya Unyamwezi. Tabora nayo iliwahi kuwa ng'ambo ya mtu, na watu wakakaa pale wakilitamani embe kama binti yule alivyolitamani Ulaya.

Asili ya embe ni India na nchi zilizo jirani nayo, nalo liliingia pwani yetu kwa njia ya bahari. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta watu wakila wali pamoja na achari ya maembe mabichi, akaeleza kwamba likiiva huwa tamu na likiwa bichi huwa kali kama limau. Bara halikuingia upesi. Pwani walikuwa na maembe yao, bara wakawa na matunda yao, na kati yao palikuwa na pori, kiu na mwendo wa miezi. Njia ya misafara ndiyo iliyolipeleka. Katika miaka ya 1850 wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa wamekwisha kujenga makazi yao Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo sasa ni Tabora. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba, wakapokewa na Snay bin Amir. Mwendo wao ulizidi miezi minne. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji njia nzima ilikuwa kama kilomita 1,200, na Tabora ndiyo iliyokuwa njia panda, ambapo wengine walishika ya kwenda Tanganyika na wengine ya kwenda Karagwe na Buganda.

Wale wageni hawakukaa siku mbili tatu. Wengine walikaa miaka mingi, wengine madeni ya Unguja yaliwazuia kurudi, na wengine makaburi yao yapo huko huko. Walilima ngano kwa ajili ya mkate wao na vitunguu kwa ajili ya mchuzi wao. Wakapanda na miembe. Hata leo mtu akitaka kuifuata njia ile ya zamani huelekezwa na miembe mikubwa, na kule Ujiji yako mapito yenye miembe huku na huku kama askari wa gwaride. Wageni hupelekwa kuonyeshwa miembe inayosemwa kuwa ni uzao wa mwembe ule ambao Stanley alikutana na Livingstone chini yake mwaka 1871. Katika mwaka 2006 njia hii, pamoja na Kwihara iliyo karibu na mji wa Tabora, iliandikwa katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia.

Lakini lipo jambo ambalo kibao cha ukumbusho hakilisemi. Kokwa la embe si kama punje ya mtama, ambayo waweza kuiweka ghalani mwaka mzima. Kokwa likikauka hufa, na likikaa zaidi ya mwezi au kama hivyo halina tumaini kubwa la kuota. Msafara kutoka pwani ulichukua miezi mitatu au zaidi kufika Tabora. Kwa hiyo sisi twaona haielekei kwamba tajiri mmoja alitia makokwa mfukoni Bagamoyo akayafukia Kazeh. Yaelekea zaidi kwamba mwembe nao ulikwenda kwa miguu: ukapandwa katika kituo kimoja, ukakua, ukazaa, na kokwa lake likabebwa mpaka kituo cha mbele. Na mwembe uliopandwa kwa kokwa hukaa miaka sita au minane kabla ya kuzaa. Fikirini subira iliyokuwamo katika kazi ile!

Tena, ni nani aliyekuwa akifanya kazi? Kwa kawaida husemwa kwamba miembe ya njiani iliota kwa makokwa yaliyotupwa na wapagazi na watumwa waliopita. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa baadhi yake. Lakini aijuaye nchi ya Tabora ajua kwamba kutoka Mei hadi Oktoba hainyeshi mvua, udongo hupasuka, na mche mchanga wa mwembe usiponyweshwa katika kiangazi chake cha kwanza na cha pili ni shida kuuona wa tatu. Miembe ile iliyopangwa kwa safu ilinyweshwa. Mtu alikwenda kisimani na mtungi, akarudi, akamwaga maji penye shina, akaenda tena. Mtu huyo hakuwa mwenye tembe, aliyeketi barazani akihesabu pembe za ndovu. Alikuwa mtumwa, au mwanamke, au mtoto, na jina lake halikuandikwa na Burton wala na mwingine ye yote. Huenda yeye mwenyewe alitolewa Manyema au ng'ambo ya ziwa, na tamaa ya moyo wake haikuwa embe bali tunda jingine la kwao ambalo hakuna aliyemuuliza habari zake.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba miembe ya njia ya misafara ni kumbukumbu ya wafanyabiashara wa utumwa, na ya kwamba ingefaa kuachwa ife. Mwenye kutamani alikuwa tajiri, ni kweli. Aliyeotesha ni mfanyakazi. Na Wanyamwezi wenyewe, wapagazi waliosifika katika Afrika Mashariki nzima, waliobeba pembe mpaka pwani na kurudi na marobota ya nguo, walipokuwa Bagamoyo wakila hayo maembe, nina hakika (samahani, twataka kusema tuna hakika, maana ukurasa huu haumjui mtu mmoja) kwamba walikumbuka furu na mbura za miombo ya kwao. Kila mmoja alikuwa ng'ambo kwa mwenziwe.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ikaisha. Miembe ikabaki. Ikawa ya watoto, ya popo, na ya akina mama waendao stesheni na beseni kichwani garimoshi lipitapo. Sasa tuulize sisi tulioirithi twafanya nini nayo.

Jibu lake latia uchungu. Kati ya Novemba na Januari maembe ya Tabora huiva yote kwa pamoja, na bei yake huanguka mpaka mama aliyebeba tenga sokoni aona afadhali kuyamwaga kuliko kulipa nauli ya kuyarudisha. Yaozea chini ya miti, yanuka, na nzi wapata karamu. Mwezi wa Machi ukifika hakuna embe, na mfanyakazi wa Tabora akitaka kinywaji cha embe hununua boksi lililosafirishwa kutoka mbali. Viwanda vya kukamua maembe vimejengwa katika Mkoa wa Pwani, Mwandege na huko karibu na Chalinze. Ni jambo jema kwa wakulima wa pwani nasi twalisifu. Lakini kutoka Tabora mpaka huko ni mwendo ule ule wa msafara, na embe lililoiva halina miezi mitatu ya kungoja. Tena pale mjini na vijijini miembe mizee hukatwa kwa kuni na kwa kuchomea matofali. Mti uliochukua miaka mia kukua waisha katika tanuri moja.

Aibu huzidi mtu akikumbuka jina la mji wenyewe. Wazee husema Tabora limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani, chakula ambacho wenyeji waliwauzia wasafiri kwa sababu hakiharibiki njiani. Mji uliopewa jina kwa ufundi wa kukausha chakula leo waacha maembe yake yaoze juani! Bibi zetu walijua kwamba jua la Unyamwezi ni kiwanda kisichodai umeme. Ndugu zetu wa Burkina Faso wamelijua jambo hilo, wakakausha maembe yao vipande vipande katika vikaushio, wakayatia katika vifuko, na leo vifuko hivyo vyauzwa Ulaya kwa bei nzuri. Kipande kikavu cha embe hakina funza wala hakihitaji baridi, nacho chaweza kufika kwa yule binti bila kutupwa pipani. Tena si kweli kwamba hatuna maarifa. Katika kituo cha utafiti cha Tumbi, nje kidogo ya mji, wataalamu walifanya kazi miaka mingi juu ya matunda ya miombo, na akina mama wa mkoa ule wakafundishwa kutengeneza jemu na vinywaji kwa matunda ya porini. Ikiwa furu na mbura zaweza kutiwa chupani, sembuse embe?

Sasa tumrudie nzi. Mwaka 2003 katika Kenya na Tanzania alionekana nzi mgeni wa matunda, ambaye asili yake ni Asia kama embe lenyewe. Wataalamu humwita Bactrocera dorsalis. Jike lake hutoboa ngozi ya embe na kutaga mayai ndani. Mayai huwa funza. Funza hula nyama ya tunda mpaka laanguka. Kisha hutoka, huingia ardhini, na kutokea huko nzi mwingine. Kwa nje huenda usione ila kitone kidogo. Huyo ndiye aliyefunga milango. Umoja wa Ulaya ulizuia maembe ya India tangu Mei 2014, na India, iliyo ya kwanza duniani kwa wingi wa maembe, ikajirekebisha ikafunguliwa tena mwanzoni mwa mwaka 2015. Jirani zetu wa Kenya walijizuia wenyewe mwaka 2014 kupeleka maembe Ulaya kabla hawajazuiwa, wakakaa miaka kama saba wakitengeneza mambo yao, hata mwaka 2021 wakarudi sokoni. Maembe ya Mexico yaendayo Marekani huogeshwa katika maji ya moto ya nyuzi 46 kwa muda wa saa moja na zaidi, kwa kadiri ya ukubwa wa tunda, mpaka kila yai la nzi liwe limekufa.

Twayataja haya kwa sababu wako wasemao, ati, soko la nje limefungwa kwa hila za mabeberu. Hila zipo duniani, wala hatutazikana. Lakini katika jambo hili adui amelala chini ya mwembe wetu wenyewe, ndani ya embe tuliloliacha lioze. Kumpiga vita hakuhitaji fedha za kigeni. Kila asubuhi maembe yaliyoanguka yaokotwe, yafukiwe katika shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, au yatiwe katika mfuko mweusi ufungwe vizuri na kuachwa juani mpaka funza wafe. Mitego yenye dawa ya kuwavuta madume itundikwe mitini. Ila kazi hii haina faida ikifanywa na mtu mmoja. Nzi haujui mpaka wa kiwanja. Ukisafisha wewe na jirani asisafishe, umefanya kazi bure. Ndiyo maana twasema ni kazi ya mtaa mzima, ya tawi, ya shule, ya chama cha ushirika. Wanachama wetu wamezoea kukutana na kupitisha maazimio. Kwa nini tawi moja la Tabora lisiazimie jambo hili dogo, kwamba kutoka Novemba mpaka Februari hakuna embe bovu litakalolala chini usiku mbili?

Na watazame kalenda. Maembe yetu huiva wakati ule ule ambapo Peru yaziuzia nchi za baridi, naye msafirishaji wa Peru hupeleka maembe yake kwa meli, safari ya majuma kadhaa baharini. Hatuwaonei wivu wakulima wa Peru, ambao ni watu kama sisi. Twasema tu kwamba nafasi hiyo ipo, na ya kwamba mkoa wenye miembe mingi kama Tabora umezoea kufikiriwa kwa tumbaku peke yake. Karanga zilijaribiwa Urambo baada ya vita, kwa matrekta na kelele nyingi za serikali ya kikoloni, zikashindwa kabisa. Tumbaku ikafuata, nayo imewalisha watu, hatukatai, lakini imekula miombo kwa kuni za mabani. Mwembe hauli msitu. Wenyewe ni msitu.

Kuna hoja moja tutakayo kuipinga kabla hatujaweka kalamu chini. Wataalamu wengine hushauri kwamba miembe ya kienyeji, yenye nyuzi na matunda madogo, ing'olewe yote, ipandwe ile myekundu itakiwayo na maduka ya nje. Sisi twasema: ya kuuza ng'ambo na ipandwe, lakini isiwe kwa kuing'oa ya zamani. Kwanza, mwembe mzee waweza kupunguzwa matawi na machipukizi yake mapya yakabebeshwa vijiti vya aina bora, ukazaa matunda mengine juu ya mizizi ile ile iliyonyweshwa kwa mtungi. Pili, ndugu yetu aliye Stockholm hakupiga simu kuulizia Tommy Atkins. Analo huko dukani. Aliulizia dodo, na lile embe dogo la nyuzi ambalo mtu hulibonyeza mpaka lilainike, akang'ata tundu nchani, akafyonza. Tukilipoteza hilo, akija likizo tutampa nini? Manispaa ya Tabora na ihesabu miembe yake mikubwa mti kwa mti, iitie alama, na mtu asiikate pasipo ruhusa. Sheria ndogo ya namna hiyo haina gharama kubwa.

Nao wenye nafasi uani wasingoje manispaa. Kokwa la embe ulilokula leo lisilale kabatini. Lipasuliwe gamba lake la nje kwa uangalifu, na mbegu iliyomo ipandwe katika mfuko au mkebe wenye udongo mwema katika siku chache, ubavu wenye mbinuko ukielekea juu. Inyweshwe kiangazi chote. Shina lake likifika unene wa penseli, amwendee bwana shamba wa kata amwonyeshe kubebesha, kwa kijiti kilichokatwa katika mwembe ambao matunda yake ameyaonja yeye mwenyewe. Mvua za Novemba zinazofuata ndizo za kuuhamishia shambani, mti na mti mita kumi.